Simu Kuukuu Isiuzwe kwa Beseni

(Na mwanachama, Kidato cha Tatu)

Hebu ukifika nyumbani leo jioni fungua droo ya kabati la sebuleni. Chini ya risiti za karo, betri za redio zilizokufa na funguo ambazo hakuna anayejua ni za kufuli gani, utakuta simu moja au mbili ambazo zamani zilikuwa fahari ya nyumba. Moja kioo chake kimepasuka kama utando wa buibui. Nyingine haina nafasi ya kuingiza hata picha moja, na ukifungua WhatsApp inakwama kama punda aliyegoma. Zote mbili zinawaka. Hakuna anayezitaka. Jumamosi atapita yule jamaa wa kipaza sauti, "simu mbovu, redio mbovu, betri mbovu!", na mama atazitoa zote apewe shilingi mia au beseni la plastiki.

Mimi nasema beseni hilo ni hasara tupu. Najua wapo watakaonicheka, hasa wale ambao kwao simu iliyopitwa na wakati ni aibu hata kuishika. Lakini waama, simu hiyo ni tarakilishi kamili. Ina kumbukumbu, ina waifai, ina betri yake yenyewe, na inakula stima kidogo kuliko balbu. Kitu kama hicho hakifai kufa kwa sababu ya ufa wa kioo. Kinaweza kupewa kazi moja ambayo haihitaji kioo wala kamera, nayo ni kuwa seva ya VPN ya nyumba.

Hapo najua wengine wamechangamka. VPN! Si ile ya kufungulia Telegram? Subirini kwanza, tutafika huko.

Chukua mfano wa barua. Ukiwa mjini kwenye waifai ya bure, iwe ya hoteli au ya maktaba, barua zako zote hupitia mkononi mwa mwenye waifai. Siku hizi tovuti nyingi hutia barua ndani ya bahasha iliyofungwa, ndiyo maana kwenye baadhi ya vivinjari huonekana kile kikufuli kidogo juu ya skrini. Kwa hivyo tusidanganyane, mwenye waifai hawezi kusoma nambari yako ya siri ya benki kirahisi tu. Lakini aghalabu anaona anwani iliyoandikwa nje ya bahasha. Anajua umeandikia benki gani, hospitali gani, na mara ngapi. Na kama waifai yenyewe ni ya tapeli aliyeipa jina linalofanana na la hoteli, basi ndiye anayekuelekeza njia. VPN huchukua bahasha zako zote ikazitia ndani ya gunia moja lililoshonwa. Gunia husafirishwa hadi mahali fulani, huko hufunguliwa, na barua huendelea na safari kutoka hapo. Mwenye waifai anaona gunia linapita, basi.

Swali ambalo wenzangu hawaulizi ni hili: gunia linafunguliwa wapi, na anayelifungua ni nani?

Hilo ndilo swali lote. VPN haiondoi haja ya kumwamini mtu. Inaihamisha tu, kutoka kwa mwenye waifai hadi kwa mwenye VPN. Sasa mtu anakataa kumwamini mwenye hoteli anayemwona kwa macho, halafu anapakua programu ya bure, hajui ni ya nani wala iko nchi gani, na kumkabidhi mwenyewe gunia zima! Jamani, seva hula stima, hukodiwa, hutengenezwa. Nani anawalipia watu milioni nyingi kwa hisani tu?

Mifano ipo bayana. Mwaka 2013 Facebook ilinunua kampuni ya Israeli iitwayo Onavo. Kampuni hiyo ilikuwa na VPN ya bure, Onavo Protect, iliyoambia watu kwamba inalinda habari zao. Kumbe habari hizo hizo zilitumiwa kujua watu wanapenda programu zipi, kwa faida ya biashara ya Facebook. Mwaka 2018 programu hiyo iliondolewa katika duka la Apple, mwaka 2019 ikafungwa kabisa, na Julai 2023 mahakama ya Australia ikaamuru kampuni mbili za Facebook zilipe dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kupotosha wateja. Kuna na Hola, nayo ya bure. Mwaka 2015 ilijulikana wazi kwamba mtandao wa waliokuwa wakiitumia ulikuwa ukiuzwa kwa watu wengine, yaani mtu asiyekujua anapitisha mambo yake kwenye mlango wa nyumba yako, na ukiulizwa huna la kujibu. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwalimu mhariri aniwie radhi, lakini sikupata methali iliyofaa zaidi.

Kwa hivyo rai yangu ni kwamba gunia lifunguliwe nyumbani kwenu. Simu kuukuu inakaa juu ya kabati, imeunganishwa na waifai ya nyumbani, na wewe au baba au dada mkiwa mjini, simu zenu zinatuma gunia hadi pale. Kwa mtandao ni kana kwamba mmekaa sebuleni. Sisi kwetu inafanya kazi hiyo simu ya zamani ya mama, ile yenye kioo kama utando wa buibui, na anayeitumia zaidi ni kaka aliye chuoni, ambako waifai ya bweni inatumiwa na mamia ya watu.

Gharama? Hebu tupige hesabu ya darasa la nane. Simu iliyokaa kimya ikifanya kazi hiyo hutumia wati 3 hivi. Kwa saa 24 ni wati-saa 72, kwa siku 30 ni yuniti 2 na ushei. Hiyo tokeni haifiki shilingi 100 kwa mwezi. Tarakilishi ya mezani kwa kazi hiyo hiyo ingetafuna mara ishirini ya hapo. Fauka ya hayo, simu ina betri, kwa hivyo stima ikipotea haizimi. Ruta ndiyo itakayozima, na hilo sitalificha: usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, seva yenye betri bila ruta yenye betri ingekuwa kama mlinda lango aliye macho ilhali barabara imefungwa.

Kuiweka si kazi ya siku nyingi, ila kuna kizingiti kimoja ambacho huwakatisha watu wetu tamaa, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu maelezo mengi ya kigeni hayakitaji. Maelezo hayo husema: fungua mlango kwenye ruta yako, kisha ukiwa mbali ubishe hodi kwa anwani ya nyumba yako. Anwani gani? Nyumba nyingi Kenya hazina anwani yao kwenye intaneti. Anwani za mtindo wa zamani ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima, na AFRINIC, shirika linalozigawa kwa Afrika, liliingia awamu ya mwisho ya kugawa makombo Januari 2020. Basi kampuni za mtandao huweka nyumba chungu nzima nyuma ya anwani moja. Ni kama S.L.P. ya shule yetu. Sisi sote tunaweza kutuma barua kutoka hapa, na majibu yakaja kwa sababu ofisi inajua nani aliandika. Lakini mtu wa nje akileta barua kwa S.L.P. hiyo bila jina la mwanafunzi, naibu mwalimu mkuu ataipelekea nani?

Ukitazama ndani ya ruta yenu ukaona anwani yake ya nje inaanza na 100, na nambari inayofuata iko kati ya 64 na 127, jua mko kwenye sanduku la pamoja. Nambari hizo zilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Kampuni inayotuletea faiba mtaani ilipoulizwa ilisema anwani ya peke yako ni ya wateja wa biashara, tena kwa malipo zaidi. Basi, kama ulikuwa na ndoto ya kubisha hodi, imeishia hapo.

Njia ya kupita ni kutobisha hodi. Zipo programu, na inayojulikana sana ni Tailscale, ambazo hufanya simu zote mbili zitoke nje zenyewe. Ile ya nyumbani inatoka, yako ya mjini inatoka, zinakutana kwa mpatanishi ambaye anazitambulisha kama mshenga anavyotambulisha pande mbili za harusi, kisha mara nyingi mshenga anakaa kando na wenyewe wanazungumza moja kwa moja. Wasipoweza, mshenga anawabebea gunia, lakini hawezi kulishonoa kwa sababu funguo zimebaki ndani ya simu. Kwa matumizi ya nyumbani hawatozi. Hapa kuna mjanja atauliza, je, huyo mshenga si ni kampuni ya bure kama zile ulizozitukana? Swali zuri. Tofauti ni kwamba yeye anajua nani na nani wanazungumza, hajui wanazungumza nini, na pesa yake hutoka kwa makampuni yanayolipia huduma hiyo hiyo. Namwamini kidogo, si kwa gunia zima. Asiyetaka hata hicho kidogo itabidi akodi anwani yake mwenyewe.

Ushonaji wenyewe wa gunia hufanywa kwa WireGuard, kazi ya mtu aitwaye Jason Donenfeld. Jambo ninalolipenda ni udogo wake, mistari elfu nne hivi ya msimbo, wakati mitambo iliyotangulia ilikuwa na mistari mingi mno ambayo hakuna mtu mmoja angeweza kuisoma na kuimaliza. Machi 2020 iliingizwa katika kiini cha Linux, na Android yenyewe imejengwa juu ya Linux. Kwa hivyo simu ya kwenye droo ni jamaa wa karibu wa seva kubwa kubwa za ng'ambo, ni vile tu hatujawahi kuitambulisha kwa ukoo wake.

Kabla ya kuipa kazi, ifute kila kitu hadi iwe kama ilivyotoka dukani. Toa laini. Usiache M-Pesa humo, wala WhatsApp, wala picha za harusi ya shangazi. Ifungulie akaunti mpya ya kazi hiyo peke yake. Sababu ni kwamba simu kuukuu imeacha kupokea masahihisho ya usalama kutoka kwa waliyoitengeneza, na kitu chenye matundu hakiwekwi mahali penye siri. Ikiwa ina programu moja tu, na hakuna mlango uliofunguliwa kwenye ruta, mwizi ana kazi. Kisha ndani ya programu uichague iwe njia ya kutokea ya simu zingine, na kwenye mipangilio ya betri uiambie Android isiizime. Hili la mwisho watu husahau. Android ina mazoea ya kuua programu iliyokaa kimya ili kuokoa betri, na utajikuta mjini gunia limekwama njiani.

Na betri, jamani, betri! Hili si la mzaha. Simu iliyochomekwa kwenye chaja usiku na mchana miezi nenda miezi rudi, betri yake huchoka, na iliyochoka hufura. Ukiona mgongo wa simu umeinuka kama maandazi, toa chaja na usiitoboe. Simu nyingine zina mahali pa kuiambia isijaze zaidi ya asilimia 80, na hapo ndipo pa kuiweka. Zisizo na hilo, mtu achomoe chaja saa kadhaa kila siku. Isilale juu ya kochi wala chini ya pazia. Yetu imekaa juu ya kigae, mbali na kitambaa, na mama hupita kuigusa kama anayepima homa ya mtoto.

Sasa Telegram. Novemba 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, kampuni za simu ziliagizwa na Mamlaka ya Mawasiliano kuizima Telegram kwa sababu ya wanaouza karatasi za mtihani, za kweli na za uwongo, na wengi wakakimbilia VPN. Majirani wetu Uganda nao walikimbilia huko Julai 2018, walipotozwa shilingi 200 za kwao kwa siku ili kutumia Facebook na WhatsApp. Niseme kinagaubaga: seva ya nyumbani haitakusaidia kwa hayo. Nyumba yenu inakunywa maji ya bomba hilo hilo. Kikifungwa kitu Kenya, gunia lako linafika sebuleni, linafunguliwa, na barua inakwama mlangoni. Anayetaka simu ya kwenye droo imletee karatasi ya Hisabati usiku wa manane amekosea mlango, na mimi sisikitiki. Na wenye jamaa Dubai, msikimbilie kuwaunganisha shangazi na wajomba bila wao kusoma sheria ya huko. Sheria ya mwaka 2021 ya nchi hiyo inatoza faini ya kuanzia dirham 500,000 hadi milioni 2 kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa, na anayejua kosa ni lipi kule ni mwenyeji.

Lililo zito kwangu kuliko hata betri ni la watu wa nyumbani wenyewe. Nimesema VPN inahamisha imani. Imehama kutoka kwa mgeni, imekuja kwa nani? Kwa anayeshika seva. Na katika nyumba nyingi za kina sisi, anayeshika seva atakuwa kijana wa miaka kumi na sita anayejua kubonyeza, kwa sababu wazazi hawana muda na wadogo hawajui. Huyo kijana akitaka, anaweza kupanga mambo ili aone majina ya tovuti ambazo kila mtu anafungua. Dada yake anatafuta habari za ugonjwa ambao hajamwambia mtu. Baba anaangalia mikopo. Mama anatafuta kazi nyingine kimya kimya. Kwani hayo ni ya nani kuyajua? Nimesikia wenzangu wakisema kwa kujisifu, "nitakuwa naona kila kitu wanachofanya." Mtu wa namna hiyo afadhali auziwe simu yake kwa beseni. Sipendi mwenye hoteli anichungulie, sembuse ndugu yangu tunayelala chumba kimoja.

Ndiyo maana nyumba nzima yafaa iambiwe kabla. Simu ile inafanya nini, nani ana nywila yake, na nani amepewa ruhusa ya kupitia kwake. Nyumbani nywila anayo mama. Mimi hubonyeza, yeye huandika, na daftari la nywila liko kwenye mkoba wake wa kanisani ambao hauguswi na mtu. Vilevile rafiki wa rafiki asipewe njia. Lolote atakalofanya mtandaoni litaonekana limetoka nyumbani kwenu, na sheria ya makosa ya tarakilishi ya 2018 haitauliza kama ulikuwa unamfanyia mtu hisani.

Kasi nayo isitarajiwe kuwa ya ajabu. Barua huingia nyumbani na kutoka tena, kwa hivyo linalopima ni kasi ya kupakia ya mtandao wa nyumbani. Kwa faiba ni sawa, kwa bando la simu ni kujitesa na kumaliza pesa. Nyumba isiyo na mtandao wa mwezi isijisumbue na VPN. Simu hiyo iwekewe karatasi za marudio na kamusi, iwe maktaba ya wadogo.

Walimu wetu wapendwa, namalizia kwenu. Takataka za vifaa vya umeme duniani zilikuwa tani milioni 62 mwaka 2022, na zilizokusanywa na kushughulikiwa ipasavyo hazikufika robo. Humu darasani tunasoma maana ya seva kutoka kwenye ubao, tunachora kisanduku na mishale, na hatujawahi kuigusa hata moja. Naomba Chama cha Tarakilishi kiruhusiwe kukusanya simu kumi kuukuu kutoka majumbani, zifutwe mbele ya mwalimu, na mbili tatu ziwekwe kwenye rafu ya maabara zifanye kazi hii huku tukijifunza. Zilizofura betri zipelekwe kwa wanaozishughulikia, zisitupwe kwenye shimo nyuma ya jikoni. Najua sheria ya shule inakataza simu, na sina ugomvi nayo. Lakini simu isiyo na laini, isiyo na WhatsApp, iliyofungwa kwenye rafu na nywila yake iko kwa mwalimu, haiwezi kumpigia mtu wala kupigiwa.